Mayai 60, vifaranga 17: je, kosa ni la mashine?

"Mimi ni mfugaji mdogo wa Bahati, Nakuru. Nilinunua mashine ya umeme ya kutotoa mayai 64, yenye feni na inayogeuza mayai yenyewe. Nikaweka mayai 60: yangu 36 niliyokusanya kwa siku 18 na kuyapanga kwenye rafu ya jikoni, na mengine 24 niliyoletewa kwa matatu kutoka kwa dada yangu Ahero, ambayo niliyaandika herufi A kwa penseli. Siku ya 7 niliyamulika kwa tochi ya simu, nikatoa 19 yaliyokuwa meupe kabisa. Matano yalikuwa ya Ahero. Siku ya 14 nikatoa sita yenye duara la damu, mawili ya Ahero. Siku ya 20 vifaranga walianza kutoboa, nikafungua mashine mara kadhaa kuwasaidia. Walitoka 17 tu, na kati yao ni wanne pekee wa Ahero. Mayai 18 yalibaki, vifaranga wamekufa ndani, ngozi imewakauka mwilini kama karatasi. Kipimaunyevu cha mashine kilikuwa kikionyesha asilimia 40 hivi. Nina jogoo mmoja na mitetea 22. Aliyeniuzia mashine anasema jogoo amezeeka. Jirani anasema kumulika ndiko kulikoua, kwa kuwa mwanga huwaunguza macho vifaranga. Mama mkwe anasema niachane na umeme nirudi kwa kuku wa kuatamia. Je, nirudishe mashine?"

Dada msomaji, naanza kwa kukushukuru kwa ile herufi A. Wafugaji wengi huniandikia kwamba "mayai yameharibika", nami hubaki nikibahatisha, kwa sababu hawakuandika chochote kwenye ganda wala kwenye daftari. Wewe umeniletea hesabu inayoweza kusomwa, na nikiisoma naona kwamba hukupata hasara moja. Ulipata hasara tatu zilizokutana ndani ya sanduku moja: mayai meupe ambayo kwa sehemu kubwa ni yako, maduara machache ya damu, na vifo vya mwisho ambavyo vingi viliyapata mayai ya Ahero. Kila hasara ina chanzo chake. Ndiyo maana muuzaji, jirani na mama mkwe wametoa majibu matatu tofauti, na hakuna hata moja linalojitosheleza.

Nianze na jirani, maana neno lake ni jepesi kuliondoa. Mwanga hauui. Kuku anayeatamia hutoka kiotani karibu kila siku, dakika 15 au 20, akala, akanywa, akajisaidia na kurudi, na wakati huo mayai yake yako wazi mchana kweupe. Kinachoweza kudhuru katika kumulika ni joto la balbu za zamani zikigusa ganda, mikono yenye mafuta au uchafu, mtikisiko, na kuyaacha mayai nje muda mrefu huku mtu akiwaonyesha watoto. Tochi ya simu haina joto la kutisha. Ukiweka juu yake kipande cha kadibodi chenye tundu dogo kuliko yai, ukazima taa za chumba usiku, na ukamaliza trei moja kwa dakika 15, hujamdhuru kifaranga yeyote.

Lakini kumulika hakutotoi. Faida yake ni kukuonyesha siku ambayo uhai ulikoma, na siku hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye chanzo. Tazama yai linavyobadilika. Mnamo siku ya 4 au 5, lenye uhai huonyesha doa dogo lililozungukwa na mishipa ya damu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Siku ya 7 doa hilo limekua, na ukitulia utaliona likicheza. Siku ya 14 sehemu kubwa ya yai imekuwa giza, na siku ya 18 lote ni giza isipokuwa chumba cha hewa kwenye upande mnene. Yai ambalo halikuwa na mbegu, au ambalo kiinitete chake, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, kilikufa mapema mno kabla ya kutengeneza damu, hubaki jeupe na kivuli cha kiini kikielea. Lile lililoanza na kufa katika siku za mwanzo, damu yake huacha mishipa na kujikusanya ukingoni, nalo huonyesha duara jekundu ulilolieleza. Mayai ya kienyeji yenye ganda la kahawia iliyokolea ni magumu kusoma siku ya 7. Usikate shauri kwa haraka, yaweke alama ya kuuliza uyatazame tena siku ya 10. Nimewahi kulitupa yai la namna hiyo kwa pupa na kukuta kiinitete kizima ndani, na tangu siku hiyo sina haraka tena.

Sasa tuje kwenye mayai meupe. Kati ya mayai yako 36, meupe yalikuwa 14; kati ya 24 ya Ahero, yalikuwa matano. Yote yalikaa katika mashine moja, kwa joto moja, kwa siku zilezile. Kama mashine ndiyo ingesababisha weupe, ingeyapata makundi yote mawili kwa kadiri inayokaribiana. Kwa hiyo chanzo kikubwa cha hasara hii kiko nyumbani kwako kabla ya mashine kuwashwa, na hapo muuzaji amegusa ukweli kwa ncha ya kidole, ingawa sababu aliyoitoa inamfaa yeye zaidi kuliko inavyokufaa wewe. Umri wa jogoo ni jambo la kutazamwa, lakini hata jogoo kijana hawezi kuwatosheleza mitetea 22. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 ni kadiri inayotegemeka. Wewe unahitaji majogoo wawili, hata watatu, nao wasiwe wa damu moja na mitetea wako. Mbegu ya jogoo huhifadhiwa ndani ya mtetea na kuendelea kurutubisha kwa muda wa siku 10 hadi 14 baada ya kupandwa, kwa hiyo baada ya kuleta jogoo mpya subiri wiki mbili hivi kabla ya kukusanya mayai ya kutotoa.

Hata hivyo simtwishi jogoo mzigo wote, kwa sababu ya ile rafu ya jikoni. Yai la kutotoa halilali tu kama kopo la unga. Kiinitete tayari kimo ndani wakati yai linatagwa, na hulala usingizi maadamu kuna ubaridi wa wastani. Joto likizidi nyuzi 20 au 21 kwa muda, huanza kuamka na kukua kwa kusuasua, kisha usiku wa Bahati unapoingia na baridi yake hukoma tena. Siku 18 za kuamshwa na kulazwa hivyo, juu ya jiko linalowaka asubuhi na jioni, zinatosha kukiua kabla hujaligusa swichi ya mashine, na likimulikwa yai hilo hufanana kabisa na lile ambalo halikupandwa. Hifadhi mayai mahali penye ubaridi, kati ya nyuzi 13 na 18, pasipo jua wala moshi, upande uliochongoka ukiwa chini, na usipitishe siku 7, ukilazimika, 10. Jokofu la nyumbani ni baridi kupita kiasi. Usiyaoshe, kwa kuwa ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu na maji huuondoa. Lenye kinyesi kidogo lipanguse kwa kitambaa kikavu, na lililochafuka sana lisiingie mashineni.

Kuna njia ya kutenganisha kosa la jogoo na kosa la rafu, na hapa ninasikitika kwamba hukuniambia kama uliyapasua yale meupe 19. Awamu ijayo usiyatupe shimoni yakiwa mazima. Kwanza, chukua mayai matano mabichi ya siku hiyo, uyapasue kwenye sahani kama anayetaka kukaanga, utazame doa jeupe juu ya kiini. Doa dogo lililoshikana, lenye kingo zisizo sawa, ni la yai lisilo na mbegu. Doa pana zaidi lenye umbo la duara ndani ya duara ni la yai lenye mbegu. Ukikuta manne kati ya matano yana mbegu, jogoo wako ameachiliwa huru na mashtaka yanabaki kwa rafu. Mayai hayo matano unaweza kuyala. Lakini yale yaliyotolewa mashineni baada ya siku 7 za joto usiyauze wala usiyapikie watu, hata kama yanaonekana safi.

Maduara sita ya damu hayanitishi sana. Mawili kati ya 24 na manne kati ya 36 ni uwiano unaokaribiana, na hapa ndipo mashine au stima inaweza kuwa na mkono wake: kupanda na kushuka kwa joto katika wiki ya kwanza huacha alama kama hizo, na mayai yaliyokaa muda mrefu huwa dhaifu zaidi. Stima ikipotea kwa saa mbili tatu, usihangaike kufungua. Funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na kwa kawaida mayai hustahimili. Walioamka na giza la nchi nzima la Agosti 2023 waliona kwamba kukatika kwa saa nyingi ni jambo jingine, nao waliokuwa na chupa za maji ya moto za kuzungushia trei walipata nafuu kuliko waliokaa wakilaumu. Ila kumbuka kwamba joto la kuzidi huua haraka kuliko baridi, kwa hiyo chupa zisiyaguse mayai, na kipimajoto kiwe ndani muda wote.

Hasara inayoniumiza ni ile ya tatu. Mayai 18 yalifika mwisho wa safari yakafa mlangoni, na 13 kati yake yalitoka Ahero. Ukiondoa meupe na yenye duara, dada yako alikuletea mayai 17 yaliyokuwa hai siku ya 14, na manne tu ndiyo yaliyotoka. Yako yalikuwa 18 yaliyo hai, na 13 yakatoka. Mashine ni ileile. Ni nini basi kilichoyatofautisha?

Yai hupumua. Ganda lake lina vitundu maelfu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo oksijeni huingilia na mvuke wa maji kutokea. Katika siku 18 za kwanza yai linapaswa kupoteza asilimia 12 hadi 13 hivi ya uzito wake kwa njia hiyo, ili chumba cha hewa kipanuke na kifaranga apate mahali pa kuvutia pumzi yake ya kwanza kabla ya kutoboa ganda. Likipoteza kidogo mno, kifaranga huvimba maji na kuzama ndani ya yai lake. Likipoteza kupita kiasi, ngozi za ndani hukauka na kumbana asiweze kuzunguka. Mayai hayo 18 yalikauka. Umesema mwenyewe: kama karatasi.

Ahero iko kwenye tambarare za Kano karibu na Kisumu, mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850, nanyi wa Bahati mko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, mkandamizo wa hewa hupungua na mvuke hutoka ndani ya yai kwa kasi zaidi, hata kama unyevu wa chumba ni uleule. Na oksijeni nayo inapungua, kwa kuwa hewa ya Nakuru ina msukumo wa takribani asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Kuku aliyezaliwa na kutagia juu huku huelekea kutaga mayai yanayoendana na hali hiyo kuliko ya kuku wa bondeni. Ukiongeza mtikisiko wa matatu kutoka Ahero, na kama mayai hayakupumzishwa kwa saa 12 hadi 24 upande mnene ukiwa juu kabla ya kuingia mashineni, utaona jinsi asilimia 40 za unyevu, ambazo mfugaji wa Kisumu angeweza kunusurika nazo, zilivyoyamaliza mayai hayo kwako.

Kisha ukafungua mashine siku ya 20. Sikulaumu, kwa maana nani anaweza kumsikia kifaranga akilia ndani ya ganda akakaa kimya? Lakini kati ya tundu la kwanza na kutoka kabisa hupita saa 12 hadi 24, na katika muda huo kifaranga hajalala: anavuta ndani ya mwili wake damu iliyobaki kwenye mishipa ya ganda, na masalio ya kiini yanamalizikia tumboni. Ukimbandua mapema anatoka damu. Na kila unapoinua kifuniko, unyevu wote hutoka kwa pumzi moja na ngozi za wale wengine waliokwisha kutoboa hujikaza. Vifaranga waliokauka manyoya hawana haraka ya kula. Kiini walichokivuta huwatosha siku mbili hata tatu. Waache humo.

Kwa awamu ijayo, usitegemee namba ya kipimaunyevu peke yake, kwa kuwa vile vinavyokuja na mashine za bei nafuu hukosea mara nyingi. Tegemea mizani ya jikoni. Pima mayai 20 siku ya kwanza na uandike uzito wa kila moja kwa penseli kwenye ganda, kisha uyapime tena siku ya 7, ya 14 na ya 18, ukijumlisha yale tu ambayo bado yamo. Mayai 20 ya gramu 55 yana jumla ya gramu 1,100. Kufikia siku ya 7 yawe yamepungua gramu 50 hadi 55, na kufikia siku ya 18 gramu 130 hadi 145. Yakipungua kwa kasi zaidi, ongeza maji. Yakipungua polepole, punguza. Kwa kuanzia, huko kwenu ningeweka asilimia 55 hivi kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 75 kwa siku tatu za mwisho. Kinacholeta unyevu ni upana wa uso wa maji na si kina chake, kwa hiyo sahani pana au kitambaa safi kilicholowa hufanya kazi kuliko kopo refu lililojaa. Tumia maji ya uvuguvugu, na usiyanyunyizie mayai ya kuku moja kwa moja. Siku ya 18 zima kigeuzi, uyalaze mayai, ufungue matundu ya hewa zaidi kwa sababu sasa kila yai lina kiumbe anayepumua, ujaze maji, ufunge, na usifungue tena kwa ajili ya huruma.

Kuhusu mama mkwe, mwambie ana haki zaidi kuliko anavyodhani muuzaji wa mashine. Kuku mzuri wa kienyeji anayeatamia mayai 10 hadi 12 huyageuza, huyapasha na kuyanyevusha kwa ustadi ambao wewe na mimi tunautafuta kwa vipimo. Ikiwa unahitaji vifaranga 30 tu kwa mara moja, kuku watatu waliokalishwa siku moja, wakiwa wametibiwa utitiri na viroboto, ni rahisi na hawaijui stima. Udhaifu wao ni kwamba huatamia wanapotaka wao, na muda wote huo hawatagi. Mashine ina maana ukihitaji vifaranga wengi wa umri mmoja kwa tarehe uliyoipanga. Unaweza pia kuvichanganya: kalisha kuku wawili siku ileile unayowasha mashine, na siku ya 21 uwape usiku vifaranga wa mashine wawalee pamoja na wa kwao.

Kuna hali ambazo hazitibiki kwa barua. Ukirekebisha haya yote na bado vifo vingi vikaangukia kati ya siku ya 8 na ya 17, shuku lishe ya mitetea, hasa upungufu wa vitamini, na umwone afisa wa mifugo wa wadi yako akague chakula chao. Na ikiwa vifaranga wanatoka wakiwa na kitovu kibichi chenye harufu, au wanakufa katika wiki mbili za kwanza wakiharisha kinyesi cheupe kinachoganda nyuma, usikimbilie agroveti kununua dawa ya kubahatisha. Kuna bakteria wa jamii ya salmonela ambao mtetea huwapitisha ndani ya yai, na kuku mzazi aliye nao hatakoma kuwapitisha kwa sababu umewatibu watoto. Chukua vifaranga watatu au wanne waliokufa siku hiyo, uwaweke kwenye mfuko uliofungwa pamoja na barafu bila kuwagandisha, uwapeleke kwa daktari wa mifugo au maabara ya mifugo ya serikali iliyoko Nakuru.

Sasa mashine yenyewe. Usiirudishe bado; ipime kwanza. Chukua kipimajoto cha homa cha dijitali, kinachoaminika hasa katika nyuzi hizi tunazozihitaji, na kipimajoto kingine cha kawaida, uvitie pamoja kwenye bilauri ya maji ya nyuzi 38 hivi na uandike tofauti yao. Usijaribu kile cha kawaida kwa maji yanayochemka ukitarajia 100, kwa kuwa huko kwenu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au chini kidogo, nawe ungekitupa kipimajoto kizima. Ukishaijua tofauti, kiweke ndani ya mashine kwenye kimo cha mayai, saa nzima katika kila kona na saa nyingine katikati. Mashine yenye feni inapaswa kukupa 37.5 kila mahali. Zikitofautiana kona kwa zaidi ya nusu nyuzi, au namba ya kioo chake ikidanganya kwa kiasi hicho na haiwezi kurekebishwa, hapo irudishe, ukiwa na karatasi ya vipimo mkononi, na muuzaji akikutajia tena umri wa jogoo umwonyeshe hiyo.